Swichi ya Duara la Butembo

Mwanangu Mumbere,

Barua huanza kwa kuuliza kama anayeandikiwa ni mzima. Wewe ni mzima: nakusikia unakohoa nyuma ya pazia, na sasa hivi umemwambia Koko, bibi yako, kwamba hukushiba. Mimi pia ni mzima. Mvua imeanza, ndoo iko chini ya pale panapovuja, sanduku lako limefungwa. Namwandikia mtu aliye upande wa pili wa pazia kwa sababu tangu siku ya kikao hunisemeshi, na mimi kuanza maneno sijui. Unanijua.

Mambo ya sabuni, ya kufua soksi na ya misa ya Jumapili Koko amekuambia yote, na kesho atarudia. Sitayagusa. Naandika Kiswahili cha shule, maana kile tunachosema nyumbani nikikiona kwenye karatasi naona aibu, na Kifaransa changu wewe bado hujakifikia. Neno likinikimbia nitaliweka kama tunavyolisema.

Kwanza lile neno nililosema. Najua ulilisikia.

Papa yako alikuja na mbuzi, pamoja na kaka yake mkubwa, wakaketi na wajomba zangu sebuleni. Wazee wakazunguka kama kawaida yao: mvua, bei ya kakao, barabara, halafu mtoto. Wakasema mtoto ni wa upande wa baba, na kwamba kukaa kwako huku kulikuwa kwa muda tu. Hapo Koko akaweka kikombe chini.

"Mutoto huyu haiko muzigo wa kusema kamata, peleka. Mwenye alimulea iko pale, anaangalia chini. Bamuulize yeye."

Wote wakanigeukia. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Aende," na sauti ikabaki mdomoni. Mjomba, yule ambaye sikio lake moja halifanyi kazi, akauliza, "Anasema nini?" Mwingine akacheka: "Huyu binti anaongea na chawa. Semaka kwa nguvu!" Basi nikasema kwa nguvu. "Aende!" Ilitoka kama mtu anafukuza mbuzi kwenye maharage. Chini ya mlango nikaona vidole vya miguu yako vikiondoka.

Tangu hapo nikikuwekea sahani unaichukua unaenda kuila karibu na Koko. Jana asubuhi ulimwambia yule kuku mweupe, ukihakikisha niko karibu: "Hata weye batakutupa." Kuku hakujibu. Mimi pia sikujibu, na nilikuwa na jibu.

Sikukutupa. Nataka ujue nilifikaje kwenye neno lile, na njia ya kufika pale inapita kwenye ubao wetu wa treni. Uwe na uvumilivu kidogo.

Mama yako, dada yangu mkubwa Masika, alikwenda shambani upande wa Eringeti na hakurudi. Hayo unayajua, na leo sitaongeza. Ulikuwa na miaka minne. Papa yako alikuwa Butembo akianza biashara yake ya vipuri vya pikipiki, akilala dukani, na wazee wakaona ni afadhali ubaki hapa Beni kwa Koko. Lakini Koko alikuwa na soko lake. Mgongo uliokubeba ulikuwa wangu, nami nilikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi. Kwetu mama mdogo ni mama, hakuna anayehitaji kuelezwa. Parokiani waliniita "Mama Mumbere" kwa utani, na mimi nikainamisha kichwa. Kosa langu la kwanza ni hilo: nilikulea nikiwa nimeinamisha kichwa, na mtoto hutazama anayembeba anatazama wapi.

Mwaka huu, wa mwisho kwangu kwenye masomo ya umeme, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kitu kwa mikono na kukieleza mbele ya jury, walimu wanaotoa alama. Wavulana wa darasa langu walichagua kengele za mlango na taa za ngazi. Mimi nilichagua treni, kwa ajili yako. Ulikuwa umeiona kwenye simu ya jirani, na kwa siku nyingi ulitembea uani ukisukuma mikono kama vile vyuma vya magurudumu, ukampiga Koko tumboni kwa kiwiko. "Samahani, Koko, treni haina frein, haisimamaki." Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupanda treni. Ndiyo maana tulikosea vile tulivyokosea.

Reli tulizitoa kwenye mbavu za miavuli iliyokufa. Nakumbuka ulivyopita nyumba kwa nyumba baada ya ule upepo mkali, mimi nikikungoja barabarani kwa sababu naona haya kubisha hodi. Na wewe ulikuwa hubishi. Ulikuwa unasimama mlangoni mpaka mtu atoke akuone. Nilicheka wakati ule. Sasa sicheki.

Mota ilitoka kwenye redio ya kaseti, mwili wa treni ni kopo la nyanya, magurudumu ni vifuniko vya soda. Betri ni ya pikipiki, inakunywa jua kwenye plaque ya sola juu ya paa. Halafu ukaja ubao wa kuongozea, ule wa mbao nyembamba ya tripleksi, ambao kwangu ndio ulikuwa kazi yenyewe. Juu yake tukachora njia yote: Beni, mlima wa Kabasha, Maboya, Butembo. Kila kipande cha njia na swichi yake, kila stesheni na taa yake ndogo iliyotoka kwenye tochi mbovu. Nilitaka kuanzia Eringeti, maana huko ndiko ulikozaliwa. Ukasema, "Ile hapana. Kule treni haina kazi." Tukaanzia Beni.

Kosa la nyaya lilikuwa langu peke yangu. Dukani kulikuwa na bunda moja la waya mwekundu, nikanunua lote, nikaunganisha kila kitu kwa rangi ile ile, nikisema kichwa changu kitakumbuka. Kichwa hakikumbuki. Upande wa nyuma wa ubao ulikuwa kama matumbo ya mbuzi. Nikiwasha Maboya, inawaka Beni. Nikizima Beni, treni inaondoka. Nikang'oa yote. Koko akatutolea vitenge vyake vilivyochakaa, tukavichana, tukafunga kitambaa kwenye kila waya, kwenye ncha zote mbili: cha njano Beni, chenye maua Maboya, cha bluu Kabasha. Ile kazi ya kufunga vitambaa ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. Mimi huwa nafanya mambo kimya nikiamini nitayakumbuka, halafu hata mimi mwenyewe nasahau nilichotaka. Kitu ambacho hujakipa alama wala hujakitaja, mwingine hawezi kukusaidia nacho.

Sasa duara. Unakumbuka tulivyogombana? Mimi nilichora njia inayoishia Butembo, tap. Ukauliza:

"Sasa inarudi namna gani?"

"Kinyumenyume."

"Kutoka Butembo mupaka Beni kinyumenyume? Mama mudogo! Chauffeur ataona wapi?"

Tulicheka sana, na nikakubali. Sisi tunajua kamio, yale malori ya mizigo. Kamio ikifika Butembo inashusha, inatafuta mahali papana, inageuka, inarudi na uso mbele. Kwa hiyo tukaipa treni mahali pa kugeuka: duara pale Butembo, inaingia, inazunguka mlima wa udongo, inatokea kwenye njia ile ile ikitazama nyumbani. Kwa penseli ilikuwa nzuri. Baadaye sana ndipo nilielewa kwa nini hukutaka kitu kilichoondoka kiache kurudi na uso mbele. Wakati ule nilifikiri ni mambo ya chauffeur.

Tulipounganisha, kila treni ilipoingia kwenye duara ilikufa. Taa zote zilizimika, waya wa betri ukawa wa moto, siku moja ukatoa moshi na Koko akatufukuza na mufagio. Nilibadilisha mota. Nilisafisha reli kwa limau. Nilihesabu upya, nikafungua daftari la mwalimu, nikalia kidogo jikoni, hilo hukuliona. Mwalimu wangu alikuwa anapita darasani kila siku akiuliza, "Nani ana shida?" Mimi nilikuwa na shida, mkono ukabaki chini ya meza.

Wewe ndiye uliyeipata. Uliiba vernis yangu nyekundu ya kucha, ile pekee niliyo nayo, ukapaka reli moja kuanzia Beni, ukiifuata kwa kidole, ulimi nje. Ukapanda Kabasha, ukapita Maboya, ukaingia kwenye duara, ukazunguka, ukatoka. Halafu ukaita.

"Mama mudogo, kuya uone. Hii nyekundu imefika kwa ile ingine."

"Ingine gani?"

"Ile yenye haiko na rangi. Zimekutana. Hapa njo inakufa."

Ndivyo ilivyokuwa. Reli moja inabeba plus ya betri, yaani chanya, ya pili moins, hasi, nazo hazitakiwi kugusana kamwe. Njia inayojigeukia yenyewe inazigusanisha. Kamio haina shida hiyo, kamio haina umeme chini ya miguu. Nikakuacha na vernis yote, upake hata kucha za mbuzi kama unataka.

Tukakata reli kwenye mdomo wa duara, tukaingiza vipande vya plastiki vya bidoni la mafuta, duara likawa peke yake, na waya wake peke yake. Nikaweka swichi ya kugeuza. Na hata hapo nikakosea tena: treni ikiwa ndani, nikageuza umeme wa duara. Treni ikasimama, ikafikiri, ikaanza kurudi nyuma. Ukaniangalia kwa huruma kabisa. Ilinichukua muda kukubali kwamba duara haliguswi. Treni ikiwa ndani iachwe iende inavyokwenda. Kinachogeuzwa ni njia kubwa, ile ya kurudi Beni, igeuzwe mapema, kabla treni haijafika mdomoni wakati wa kutoka, na isiguswe mpaka kopo na mabehewa yote yawe ndani. Ukigeuza mabehewa mawili yakiwa bado nje, moshi tena, na Koko tena.

Swichi hiyo ikawa yako. Nilijaribu kuishika mimi, nikawa nachelewa, kwa sababu naogopa. Wewe ulikuwa unahesabu behewa la mwisho kwa midomo, halafu tak. Treni ikatoka Butembo ikitazama Beni, na upande wa Beni, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya duara la pili, tukaigeuza kwa mkono.

Siku ya jury walimu walinizunguka na kalamu zao. Treni ilikwenda na kurudi bila kosa, kidole chako kwenye swichi. Mmoja wao akauliza kwa Kifaransa: swichi ile ni ya nini? Nilijua jibu. Nilikuwa nimelijua kwa mikono, kwa macho, kwa machozi ya jikoni. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akangoja. Mwalimu mwingine, mama mwenye miwani, akaona atusaidie, akakuinamia wewe kwa Kiswahili: "Na weye, kijana? Uko unajua?"

Ulijua kuliko wote waliokuwa pale. Ukanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Na wewe ukatazama sakafu.

Walinipa alama za kupita kwa sababu treni ilijieleza yenyewe. Mwenye miwani akasema, "Nyumba ya mabubu hii, lakini kazi yao ni safi." Wenzangu walicheka, si kwa ubaya. Njiani, wewe umebeba kopo la nyanya na mimi ubao kichwani, ukasema:

"Nilikuwa najua."

"Najua ulikuwa unajua."

"Sasa juu ya nini weye haukusema?"

"Na weye?"

"Miye niliangalia weye."

Mumbere, nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani. Nikakumbuka mengine. Padri alipokuuliza jina la ubatizo, ulinitazama kwanza. Mwalimu wako alipokupiga kwa kosa la jirani yako, ulinyamaza, nami nilipokwenda shuleni kukutetea nilisimama mlangoni mpaka kengele ikapigwa, nikarudi. Nilidhani nakulinda. Kumbe tulikuwa wawili, mmoja nyuma ya mwingine, na wa mbele alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimejificha.

Papa yako alipopiga simu kwamba anakuja, kwa mara ya kwanza sikuomba mvua inyeshe barabara ifungwe. Nilimtazama vizuri alipokuwa hapa. Anacheka kwa sauti kubwa mno. Anachelewa kila mahali, hata kwenye kikao chake mwenyewe. Anaongea na kila mtu: chauffeur, mwanajeshi wa kizuizi cha barabarani, mtoto anayeuza ndizi, mbwa wa jirani. Aliponikuta nje nikifunga mbuzi, aliniongelesha mpaka nikajibu. Na alikuuliza swali ukanyamaza, akangoja. Hakukujibia. Mimi na Koko tungekuwa tumekwisha kukujibia. Alingoja mpaka ukasema, "Sukari mbili." Lilikuwa neno dogo, lakini ulilisema kwa mtu usiyemzoea, bila kunitazama. Nilikuwa nimeshika sinia, nikaona.

Ndiyo maana nilisema aende. Si kwa sababu ya mila, wala mbuzi, ingawa mbuzi ni mzuri. Na si kwamba nimechoka nawe. Nikisema sitaumia nitakuwa nakudanganya, nami nimeamua nisikudanganye kwenye karatasi hii. Ningeweza kusema abaki. Koko angenifuata, na papa yako angerudi na mbuzi wake. Nililifikiria hilo hata wakati mdomo ulikuwa umefunguka.

Sijui kama nimekosea. Ubao ulinifundisha kwamba naweza kuwa na uhakika na bado nikageuza swichi isiyotakiwa. Kwa hiyo pale nje, kwenye kamba ya mbuzi, nilimwambia papa yako jambo moja. Nilianza mara mbili. Nilisema: "Akisema anataka kurudi, usimwambie angoje likizo." Hakucheka. Alisema: "Binti, miye pia nilikuwa mutoto wa kulelewa kwa batu. Akisema, nitamurudisha miye mwenyewe, hata usiku." Nimemwamini. Lakini lazima useme, Mumbere. Hatajua kwa kukutazama tu, hakujui bado. Mke wake, Tante Kahindo, naye hatajua. Usisimame mlangoni ukingoja mtu atoke akuone. Kama chakula hakitoshi, sema. Kama watoto wa Kimemi, mtaa wa papa yako, wanacheka Kiswahili chako cha Beni, wajibu hapo hapo. Watacheka zaidi, halafu watakuita mucheze.

Ubao wa kuongozea uko kwenye katoni, nimeuvika sketi yangu ya shule ambayo sihitaji tena. Reli zinabaki, haziwezi kuingia kwenye gari, na mbavu za miavuli hata Butembo ziko. Vitambaa vyote nimevikaza upya. Ukipata mtu wa kujenga naye mwonyeshe nyuma ya ubao, usimwonyeshe mbele tu.

Sasa la kesho. Najua utakavyofanya. Utamkumbatia Koko, utamkumbatia kuku, utaingia garini na kutazama upande wa dereva ili usinione. Una haki. Siku zote nimekuwa nikisimama nyuma ya Koko kwenye kuagana, mkono mmoja mdomoni, na gari linaondoka.

Jambo pekee nililowahi kusema kwa nguvu mbele ya watu ni lile ulilolisikia chini ya mlango. Sitaki ubaki na hilo tu. Kwa hiyo kesho pale parking, mbele ya chauffeur na wabeba mizigo na wale vijana wa pikipiki ambao watanicheka mwezi mzima, nitakuita. Si kwa sauti ya jikoni. Nitasema jina lako, na nitasema mwanangu, na pengine sauti itapasuka katikati, sijawahi kuijaribu.

Huna haja ya kushuka, wala kusema umenisamehe. Itika tu.

Mama yako mdogo,
Kavira